Simu Isiyojua Ilipo

Leo nazungumzia simu ambayo GPS yake imeharibika, au inasemekana imeharibika, kwa sababu naona watu wa Jebel, hapa Juba, wanalipa pesa kwa ugonjwa ambao mara nyingi simu yao haina.

Mambo huanza hivi. Mtu yuko soko la Jebel, anafungua ramani. Nukta ya buluu inamwonyesha mtaa wa Gudele, au inaelea juu ya Nile, au haitulii, inaruka kutoka nyumba hii hadi ile. Anaipeleka kwa fundi simu. Fundi amekaa ndani ya kontena, anawasha ramani palepale mezani, anangoja kidogo, hakuna kitu. Anasema, "Hii imekufa, lazima tufungue." Mwenye simu hana la kujibu, anakubali.

Msikubali. Simu iliyopimwa ndani ya kontena la chuma haijapimwa. Fundi anayejua kazi yake atainuka kitini, atatoka nje na simu mkononi, ataisimamisha mahali ambapo anga linaonekana, na hapo ndipo uchunguzi unaanza.

Sababu yake ni hii. Wengi tunadhani setilaiti inatuangalia kutoka juu, kisha inaiambia simu, "Upo hapa." Sivyo. Setilaiti za GPS, ambazo ni za Marekani, zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na kazi yake ni kutangaza tu: saa ni hii, na mimi niko hapa. Simu yako haizitumii neno lolote. Inasikiliza, inapima tangazo limechelewa kiasi gani njiani, na kutokana na kuchelewa huko inajua umbali. Wimbi linasafiri karibu kilomita laki tatu kwa sekunde, kwa hiyo kutoka kule hadi Jebel linatumia kama sehemu saba za mia moja ya sekunde moja. Hesabu inahitaji setilaiti nne, kwa sababu mbali na kutafuta mahali, simu lazima isahihishe pia saa yake yenyewe. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita mia tatu. Fikiria basi usahihi unaotakiwa na kifaa ulichonunua sokoni.

Na tangazo hilo linafika likiwa dhaifu mno, dhaifu kuliko kelele za umeme zilizomo ndani ya simu yenyewe. Simu inalipata kwa sababu inaujua mpangilio wake mapema, kama mama anavyoitambua sauti ya mwanawe katikati ya fujo za soko la Konyo Konyo. Sasa weka bati juu yake. Juba tunaishi chini ya mabati, tunauza dukani ndani ya makontena, tunalala katika vyumba vya paneli za chuma. Chuma hakipitishi mawimbi haya. Kidogo kinachoingia kinapenya mlangoni na dirishani kikiwa kimeshadunda ukutani mara kadhaa, njia yake imerefuka, na simu inaamini uko mbali na setilaiti kuliko ulivyo. Nukta inaruka. Simu haijaharibika hapo. Imedanganywa na kuta.

Nje, kinyume chake, sisi tumebahatika. Njia za setilaiti za GPS zimeinama nyuzi 55 kutoka ikweta, kwa hiyo watu wa kaskazini ya mbali hawazioni zikipita utosini kamwe. Sisi tuko nyuzi tano tu kutoka ikweta, na zinapita juu yetu na pande zote. Tena simu za siku hizi hazitegemei Marekani peke yake: zinasikiliza GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, jumla setilaiti zaidi ya mia. Hata chini kabisa ya mwamba wa Jebel Kujur, pale akina mama wanapoponda mawe kuuza kokoto, ambapo upande mmoja wa anga umezibwa, simu nzima itapata setilaiti za kutosha upande uliobaki. Itachelewa kidogo, na mwamba utairudishia mawimbi mengine yakaisogeza nukta mita kadhaa, lakini itapata.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kupimia kisiwe bisibisi. Kiwe simu ya pili. Omba ya jirani, ya kaka yako, ya fundi mwenyewe. Ziweke zote mbili juu ya stuli nje, mbali na ukuta wa bati, ziache zimetulia. Ikiwa zote zinapotea, tatizo haliko ndani ya simu yako. Hilo si jambo la kufikirika: tangu mwaka 2023, katika nchi za mashariki ya Mediterania, simu nyingi kwa pamoja zilikuwa zikiwaonyesha wenyewe wako uwanja wa ndege wa Beirut hali wamo nchi nyingine, kwa sababu kulikuwa na mitambo ya vita iliyorusha matangazo ya uongo. Hakuna fundi angeweza kuzitibu zile simu moja moja. Lakini ikiwa ya jirani imepata mahali ndani ya dakika moja na yako imekaa kimya, sasa tuna sababu ya kuendelea na yako.

Endelea hivi. Pakua programu ya bure inayoonyesha setilaiti, ziko kadhaa. Simu nyingi za Tecno, Infinix na Itel zenye chipu ya MediaTek zina ukurasa wa majaribio wa kiwandani: bonyeza nyota, reli, nyota, reli, 3646633, reli, nyota, reli, nyota. Zenye chipu nyingine hazitafungua, usihangaike. Ukiingia humo, tazama tu, usibadilishe chochote, kwa maana humo ndimo pia mna mambo ya mtandao wa simu yako. Utaona orodha ya setilaiti na namba ya nguvu ya kila moja. Nje, mahali peupe, nyingi zikiwa na namba kati ya 30 na 45, antena ni nzima. Ugonjwa utafute kwenye mipangilio. Zikiwa nyingi lakini zote ziko chini ya 20, antena haishiki vizuri. Isipoonekana hata moja baada ya robo saa, hapo nakubali: pana kitu ndani.

Mbona robo saa? Simu haiwezi kupiga hesabu mpaka ijue ratiba ya setilaiti, na ratiba hiyo inatangazwa kutoka angani polepole ajabu, kwa mwendo uliopangwa tangu setilaiti ya kwanza ya GPS iliporushwa mwaka 1978. Ratiba ya setilaiti moja inachukua nusu dakika ikisikika bila kukatika. Orodha ya jumla ya zote inachukua dakika kumi na mbili na nusu. Ili kutuepusha na kungoja huko, simu huchukua ratiba kupitia intaneti kwa sekunde chache. Sasa angalia maisha yetu: bando limeisha, mtandao umeshuka, au simu imenunuliwa Kampala, ikazimwa, ikawekwa begini, ikawashwa Juba bila laini. Inaamka mahali pengine kabisa, na ratiba iliyonayo imepitwa na wakati. Lazima isikilize angani. Mwenye simu anangoja dakika mbili akitembea baina ya vibanda, anaikatia tamaa. Angesimama mahali pamoja peupe na kungoja, ingejipata.

Na hapa niseme kwa sauti, kwa sababu linawagharimu vijana wa bodaboda: GPS haitumii bando. Kujua ulipo ni bure. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Ukiwa na waifai, pakua ramani ya Juba yote uihifadhi kwenye simu, na utaendesha hadi Gumbo au njia ya Yei bila hata pauni moja ya data.

Nije kwenye saa, maana hapa Sudan Kusini tuna kisa chetu ambacho majirani zetu wa Kenya na Uganda hawana. Tarehe 1 Februari 2021 nchi hii ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Tukaachana na saa ya Nairobi na Kampala. Wanaotunza orodha ya saa za dunia, ile inayotumiwa na kompyuta na simu, walitoa toleo jipya siku chache tu kabla, mwezi Januari. Simu zilizopata toleo zikajirekebisha. Lakini simu kuukuu ambayo haijapata masasisho tangu ilipotoka dukani ilibaki inaamini Juba ni saa moja mbele. Wenye simu walifanya nini? Walifanya ambalo mtu yeyote angefanya: wakazima saa ya kujiweka yenyewe, wakarudisha mshale kwa mkono. Hata leo ukija na simu iliyowekwa saa ya Nairobi unaweza kujikuta umefanya vilevile.

Machoni saa ni sahihi. Ndani ya simu, hapana. Simu inahesabu saa ya dunia kwa kutoa tofauti ya eneo. Ukibadili namba ukaacha eneo la Nairobi, saa ya dunia ndani yake imekosea saa moja nzima. Ndani ya saa moja setilaiti ya GPS inakwenda karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko wake. Simu inaanza kutafuta setilaiti zilizokuwa juu saa moja iliyopita. Itakuja kujisahihisha ikishasikia angani, lakini imeanza kwa mguu mbaya. Na ikiwa tarehe yenyewe imekosea kwa miezi au miaka, kama inavyotokea betri ikiisha kabisa kwenye simu kuukuu, programu nyingi zinakataa kuungana na intaneti kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana vimeisha au havijaanza. Ramani haifunguki, ratiba haishuki, na lawama inaiangukia GPS. Tiba yake ni ya dakika moja: ingia kwenye mipangilio ya saa, chagua eneo la Juba. Simu kuukuu isiyoijua saa mpya ya Juba, ichagulie Maputo, ambako saa ni sawa na yetu. Kisha rudisha saa ya kujiweka yenyewe.

Baada ya saa, ruhusa. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, programu ikiomba kujua ulipo unaweza kuipa mahali kamili au mahali pa kukadiria. Wengi wanabonyeza haraka bila kusoma. Ukichagua makadirio, simu inajua ulipo vizuri sana, lakini inaificha programu kwa makusudi, inaipa mtaa tu. Mteja anamwita bodaboda, bodaboda anafika upande wa pili wa Jebel, wanagombana kwenye simu. Hakuna kilichoharibika. Ingia kwenye ruhusa za programu ile, washa mahali kamili. Vilevile hali ya kuokoa betri: kwenye simu nyingi inazima GPS mara tu kioo kinapozimika, halafu dereva anashangaa njia yake imekatika vipande.

Duara la buluu linalozunguka nukta lisomeni. Likiwa dogo, simu ina uhakika. Likifunika mtaa mzima, simu inasema wazi kwamba inakisia kwa minara ya simu au kwa waifai. Na waifai inaweza kusema uongo mkubwa. Kampuni za ramani zimeorodhesha ruta za dunia nzima na mahali zilipoonekana. Ofisi ikihama kutoka Entebbe kuja Juba ikabeba ruta yake, simu iliyo ndani ya jengo, isiyosikia setilaiti, inaiona ruta ile na kutangaza kwamba iko Entebbe. Toka nje, zima waifai kwa muda, na utarudi Sudan Kusini. Kuhusu VPN, hiyo haigusi GPS. Inabadili tu kile tovuti inachokisia kwa anwani yako ya intaneti.

Kuna jambo jingine la ukanda wetu ambalo fundi mwaminifu anapaswa kulijua, asije akafungua simu bure. Juu sana angani kuna tabaka la hewa lililojaa chembe za umeme, na mawimbi ya setilaiti yanapita humo. Karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, ambayo inapita kaskazini yetu kidogo, tabaka hilo hutibuka baada ya jua kuzama. Matangazo yanafifia na kurudi, yanafifia na kurudi, hadi karibu na usiku wa manane. Hali hiyo huwa kali zaidi miezi ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, na katika miaka ambayo jua lina nguvu. Wanasayansi wa Marekani walitangaza Oktoba 2024 kwamba jua limefikia kilele chake. Kwa hiyo mtu akikwambia GPS yake inasumbua saa mbili za usiku tu na asubuhi ni nzima, mwambie aende nyumbani na simu yake. Afrika Mashariki inasaidia kupima mambo haya: Malindi na Mbarara kuna vituo vinavyosikiliza setilaiti mchana na usiku, na takwimu zao zinaingia katika hesabu za dunia nzima.

Tuseme sasa yote hayo yamefanyika, na simu ya jirani inaona setilaiti thelathini, yako haioni hata moja. Haya, tufungue. Lakini kabla ya bisibisi, vua kava. Kuna watu wamebandika kipande cha chuma nyuma ya simu ili ishikwe na kishikio chenye sumaku kwenye pikipiki. Chuma kile kinaweza kukaa juu ya antena kabisa, na sumaku inavuruga dira, mshale ukageuka nyuma mbele. Kiondoe, upime tena. Na simu iliyokaa juani kwenye usukani, mwezi wa Machi, inajipunguzia kasi yenyewe kwa joto. Mwaka 2024 shule za nchi hii zilifungwa mwezi huo kwa sababu ya joto, sembuse simu.

Kisha swali moja la kumuuliza mwenye simu: imewahi kufunguliwa? Kama GPS ilianza kusumbua baada ya kubadilishwa kioo au kifuniko cha nyuma, nusu ya jibu tunalo. Kwenye simu nyingi antena ni utepe mwembamba wa chuma uliochapwa kwenye fremu au kifuniko, na unagusa bodi kwa vispringi vidogo. Kispringi kikilala, hakigusi. Kifuniko cha bandia kikiwa hakina utepe, hakuna antena. Skrubu moja ikisahaulika, njia ya umeme ya kurudi inakatika na antena inadhoofika, ingawa simu inawaka na kupiga kama kawaida. Vispringi vinainuliwa kwa kibano taratibu, vinasafishwa kutu na vumbi kwa spiriti na brashi laini, skrubu zinarudi zote. Ni kazi ndogo, na bei yake iwe ndogo.

Kama waifai, Bluetooth na GPS vimekufa pamoja, hilo ni jambo jingine. Kwenye simu nyingi za bei nafuu vitu hivi vitatu, pamoja na redio ya FM, vinakaa kwenye chipu moja. Hapo inahitajika darubini, mashine ya hewa moto na mkono uliozoea. Muulize fundi kama anavyo. Kama hana, mshukuru na uende kwa mwenye navyo. Hewa moto mikononi mwa anayejaribu inaua bodi nzima.

Nina neno kali kuhusu kuflashi, yaani kufuta mfumo wa simu na kuuweka upya. Mafundi wengine hukimbilia kuflashi kwa kila ugonjwa. Kispringi kilicholala hakiinuki kwa kuflashi. Tena ukiflashi vibaya bila kuhifadhi sehemu inayotunza IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, simu inapoteza namba hiyo, na mara nyingi inakosa mtandao kabisa. Mtu alikuja na simu isiyojua ilipo, anaondoka na simu isiyoweza kupiga, na picha za harusi na za marehemu wake zimefutika. Hilo linaniuma. Kabla ya kukubali kuflashi, hamisha picha zako zote, na umuone fundi akihifadhi IMEI.

Wakati mwingine GPS ni sahihi kabisa na ramani ndiyo yenye makosa: barabara mpya haijachorwa, kibanda kilihama, jina la mtaa limeandikwa pengine. Ukisimama kwenye mzunguko wa Jebel na nukta iko kwenye mzunguko, simu yako ni nzima hata kama duka unalolitafuta halipo. Ramani ya OpenStreetMap imejengwa na watu wa kawaida wanaojitolea. Ndivyo vijana wa Kibera, Nairobi, walivyoiweka mitaa yao kwenye ramani mwaka 2009, na ndivyo Dar es Salaam ilivyofanya kwa mradi wa Ramani Huria. Mitaa ya Jebel yenye visima, zahanati na njia za miguu zinazojulikana na wakazi tu inaweza kuongezwa na wakazi haohao, kwa simu hizihizi.

Kwa aliyelazimika kumwachia fundi simu, siku ya kuichukua usilipe ukiwa ndani ya kontena. Bonyeza nyota, reli, 06, reli, ulinganishe IMEI na ile iliyoandikwa kwenye boksi au kwenye karatasi uliyoandika kabla ya kuiacha. Washa waifai, washa Bluetooth, piga simu moja. Kisha mwombe fundi mtoke nje pamoja, afungue ile programu ya setilaiti, muhesabu zinazotumika na mtazame namba zake za nguvu, simu yako ikiwa kando ya simu ya pili. Mkimaliza hapo ndipo mzungumze bei.